Giaboksi Haijafa, Pima Presha Kwanza

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuandika juu ya hifadhidata moja iliyoninyima usingizi, lakini itabidi isubiri. Leo naandika juu ya giaboksi. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya kodi msiondoke, maana mkifika katikati mtaona ni ugonjwa uleule.

Gari langu ni Toyota Corolla ya 2003, lile ambalo Wakenya wote huliita NZE. Giaboksi yake ni ya otomatiki, gia 4. Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi Eldoret kutoka Kabarnet, mimi, mama watoto na watoto wawili. Tukashuka bonde la Kerio salama, tukaanza kupanda ukingo wa Tambach kwenda Iten. Anayeijua barabara hiyo anajua ninachosema: unapanda zaidi ya mita 1,000 kwa kona baada ya kona, ukuta upande mmoja na hewa tupu upande wa pili. Katikati ya kona injini ikanguruma, mshale ukapanda kupita mizunguko elfu nne, na gari likasimama. Nakanyaga mafuta, kelele zinaongezeka, mwendo hakuna. Nyuma yetu kuna lori la mchanga.

Nilivuta handbreki, nikashuka, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nikazima injini. Baada ya dakika kumi nikawasha, nikaweka D, na gari likapanda kama hakuna kilichotokea. Kabla hatujafika Iten lilirudia mara mbili, na kila mara dawa ilikuwa ileile: zima, subiri, washa.

Kwa kazi yangu nilipaswa kushtuka hapohapo. Mashine inayopona kwa kuzimwa na kuwashwa haijapona, imesahau tu.

Kesho yake nikampelekea fundi wa kwanza. Nilimweleza. Akasikiliza, akawasha gari, akaweka D, likasogea vizuri. Akazima. "Mkubwa, hii giaboksi imekufa. Tutafute eks-Japani." Hakuwa amevuta dipstiki. Fundi wa pili alisema hivyohivyo ila bei yake ilikuwa juu kidogo. Wa tatu, kijana mwenye simu na kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kuchomeka chini ya dashibodi, alisema ni solenoidi, na kwamba zibadilishwe zote kwa mpigo "ndio tuwe na uhakika".

Bei ya eks-Japani pamoja na kazi ya kushusha na kupandisha ilikuwa inatosha kulipa karo ya muhula mzima, na ikabaki ya sare. Ndiyo maana nilianza kusoma.

Haya, tuelewane kwanza juu ya kinachofanyika mle ndani. Katika gari la gia za mkono, mguu wako ndio unaoamua klachi ishike au iachie. Katika otomatiki kazi hiyo hufanywa na oili yenye presha. Kuna pampu inayozungushwa na injini kupitia torki konvata, kwa hiyo injini ikizunguka na pampu inazunguka. Pampu hunyonya oili kutoka kwenye sampu kupitia filta, huisukuma, na vali moja ya kudhibiti presha hurudisha ile iliyozidi. Inayobaki huingia kwenye vali bodi, ambayo ni kama ramani ya vichochoro vya Langas iliyochongwa kwenye aluminiamu, na huko huelekezwa kwenye klachi hii au ile. Kila klachi ni mrundo wa sahani nyembamba, na pistoni inayozibana. Pistoni husukumwa na oili. Presha ikipungua, mbano hupungua, sahani huteleza, na sahani inayoteleza huungua.

Kwa hiyo presha ndogo ni dalili, na ni muuaji vilevile. Klachi nzima kabisa inaweza kuunguzwa na tatizo ambalo si lake, kwa siku chache tu za mtu kusema "nitaendesha polepole mpaka mwisho wa mwezi". Giaboksi yangu haikuwa imekufa, lakini ningeendelea hivyo ingekufa kweli, na mafundi wote watatu wangeonekana manabii.

Sasa, presha hii inapimika. Hili ndilo linalonikera. Kwenye ganda la giaboksi yangu, kama ilivyo kwenye nyingi za otomatiki, kuna tundu lenye kizibo cha skrubu lililowekwa na watengenezaji wenyewe kwa kazi hiyo moja. Unatoa kizibo, unafunga geji, unasoma. Toyota waliweka mlango, na sisi tunavunja ukuta.

Geji ifike angalau psi 300, kwa sababu kwenye R ukikanyaga mafuta presha hupanda sana na geji ndogo itaharibika. Utahitaji pia kipande cha kuunganisha chenye uzi unaolingana na tundu, na hose ndefu ya kutosha kuileta geji mahali unapoiona ukiwa kwenye usukani. Yangu nilinunua Nairobi kwa sababu hapa mjini kila duka niliingia liliniuzia geji ya matairi.

Kabla ya geji, kiwango cha oili. Hapa watu wengi hukosea. Toyota yenye dipstiki hupimwa oili ikiwa ya moto, gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa inanguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Ukipima injini ikiwa imezimwa utasoma uongo. Honda ni kinyume: unaipasha moto, unaizima, na unapima ndani ya dakika moja au moja na nusu. Fundi anayepima magari yote kwa njia moja atajaza moja kupita kiasi na kuliacha lingine na njaa. Na zote mbili ni mbaya. Oili ikiwa chache pampu hunyonya hewa. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga mpaka inakuwa povu, na povu halibani klachi. Ugonjwa mmoja, sababu mbili zinazopingana. Yangu ilikuwa sawa kwa kiwango, ila rangi imegeuka kahawia na ina harufu ya kuungua kidogo.

Halafu hakikisha unajua una giaboksi gani. Fielder ya zamani ya 121 na Fielder iliyoifuata mwisho wa 2006 zina jina moja, lakini matoleo mengi ya ile ya pili ni CVT, yenye mkanda wa chuma unaobanwa na presha kati ya puli mbili. Oili yake si ATF. Nimeona mtu akiuziwa ATF ya Fielder ya CVT kwa hoja kwamba "zote ni otomatiki".

Kipimo chenyewe. Pasha oili iwe ya moto, Toyota hutaja kati ya digrii 50 na 80. Usipime ya baridi ukaridhika. ATF ikiwa kwenye digrii 100 uzito wake hubaki kama moja ya tano ya ule wa digrii 40, kwa hiyo sili iliyokauka au vali iliyolika huweza kuficha aibu yake asubuhi na kuvuja wazi mchana. Magurudumu yawekwe mawe, handbreki ivutwe, mguu wa kushoto ukanyage breki mpaka mwisho, na mbele na nyuma ya gari asisimame mtu hata kama ni shemeji yako anayetaka kuona. Soma kwenye D injini ikinguruma taratibu. Kwa giaboksi nyingi ndogo za Toyota za gia 4 hapo huwa kama psi 50 hadi 60, lakini tafuta kitabu cha giaboksi yako, usishike namba yangu. Soma tena kwenye R, ambako huwa juu zaidi. Ukihitaji kusoma ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho, usizidishe sekunde 5, kwa sababu nguvu yote ya injini wakati huo inageuka joto ndani ya torki konvata.

Sasa raha ya kazi hii kwa mtu wa programu ni kwamba namba hizo zinakata tatizo nusu kwa nusu. Presha ikiwa chini kwenye D peke yake na R iko sawa, basi pampu haina kosa, filta haina kosa, vali ya kudhibiti haina kosa, kwa kuwa vyote hivyo hutumiwa na R pia. Uvujaji uko kwenye njia ya D au klachi ya mbele. Ikiwa chini kwenye R peke yake, tazama njia ya rivasi, klachi na breki zake. Ikiwa chini kote, rudi juu kwenye chanzo: oili, filta, pampu, vali ya kudhibiti presha, au kinachoiamuru vali hiyo. Na ikiwa presha iko sawa kote lakini gari linateleza, basi ndiyo, klachi zenyewe zimekwisha, na hapo fundi wa kwanza ana haki.

Kusoma namba mbili kunachukua chini ya saa moja na hakuhitaji kushusha kitu.

Na solenoidi? Kwenye giaboksi kama yangu kuna solenoidi inayoitwa SLT, ambayo kompyuta huitumia kupunguza presha. Sikiliza vizuri: kupunguza. Umeme ukiongezeka, presha inashuka. Waya ukikatika, umeme haupo, presha hupanda hadi juu kabisa, na gari hubadilisha gia kwa kishindo cha kukuvunja shingo. Waliamua kwamba ikiharibika, iharibike kuelekea upande usiounguza klachi. Huo ni usanifu ninaouheshimu kuliko programu nyingi nilizoandika mwenyewe. Kwa hiyo waya wa SLT uliokatika hauwezi kuwa sababu ya presha ndogo. Solenoidi iliyokwama kwa uchafu inaweza, na hilo ni jambo la kuthibitisha, si la kununulia seti nzima. Nilipima ukinzani wake kwa mita, ikasoma omu 5 na kidogo, inavyotakiwa.

Kijana wa bluetooth hakuwa mjinga, nisimdharau. Alitafuta msimbo wa kosa na hakupata. Lakini kuna mawili hakujua. OBD-II ilikuwa sharti Marekani kwa magari ya modeli ya 1996 na kuendelea. Gari lililoundwa kwa ajili ya soko la Japani halikufungwa na sharti hilo, na vile vifaa vya bei ya chini mara nyingine huongea na magari yetu kama mgeni anayebisha nyumba isiyo na mtu. La pili ni kubwa zaidi: giaboksi hii haina sensa ya presha kabisa. Kompyuta inajua kasi za mizunguko, na kutokana nazo inakisia kama kuna kuteleza. Presha yenyewe haiioni. Logi tupu haina maana kwamba hakuna kosa. Huenda hakuna aliyeandika mstari wa kulirekodi.

Basi nikafunga geji, nikiwa na fundi wa nne, mzee mmoja jirani ambaye alikubali kwa sababu alitaka kuona kama mtu wa kompyuta atajichoma mkono. Oili ya moto: D psi 56, imetulia. R juu, sawa na kitabu. Mzee akanitazama. "Sasa?"

Nikakumbuka kwamba mlimani haikufa mara moja, ilikufa baada ya muda. Tukaweka P, nikashikilia injini kwenye mizunguko 2,500. Dakika ya tano, hakuna kitu. Dakika ya nane mshale ukaanza kutetemeka. Kisha tukasikia pampu inalia, sauti nyembamba kama mbu. Nikaachia mafuta, nikaweka D: psi 28. R nayo imeanguka. Tukazima, tukanywa chai, tukawasha. Psi 56.

Mzee akacheka. Alijua kabla sijasema. Presha imeshuka kote, kwa hiyo tatizo liko kwenye chanzo. Mshale unatetemeka na pampu inalia, kwa hiyo pampu inakosa oili ya kunyonya na inameza hewa. Kiwango kiko sawa. Ukizima, inapona. Kitu kinaziba filta wakati wa kunyonya, na kunyonya kukikoma kinaanguka.

Tukamwaga oili, tukashusha sampu. Kwenye sumaku kulikuwa na tope laini la kijivu, ambalo ni la kawaida kwa umri huo. Hakukuwa na vipande vya chuma vinavyong'aa. Lakini filta ilikuwa imevaa ndevu: nyuzi na vipande vya silikoni, vingine virefu kama kidole. Mtu fulani, kabla yangu, aliwahi kufungua sampu na kuirudisha kwa kupaka silikoni nene juu ya gasketi ili isivuje. Iliyofinywa nje aliifuta. Iliyofinywa ndani hakuiona. Ikakaa, ikamenyeka kwa joto, ikaanza safari kuelekea filta. Yaani kosa langu lilizaliwa na matengenezo ya kosa la mwingine. Wenzangu wa kodi mnaijua hadithi hii kwa moyo.

Tuliweka filta mpya, gasketi mpya kavu bila silikoni, boliti zikafungwa kwa mkono mwepesi na kwa zamu (ukizikaza sana sampu hupinda, ikavuja, na mtu akakimbilia silikoni tena). Oili ikawa ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Kumbukeni kumwaga kwa kizibo hutoa kama nusu tu, nyingine hubaki kwenye torki konvata, kwa hiyo baada ya wiki tukarudia. Kuna wanaoapa kwamba kubadilisha oili ya zamani ndiko kunakoua giaboksi. Ninavyoona mimi, wengi wao walibadilisha oili baada ya klachi kwisha, wakailaumu ile mpya iliyokuja kuzika.

Geji baada ya nusu saa ya mizunguko 2,500: psi 57, mshale haujatikisika. Gharama yote, pamoja na geji na chai, haikufika hata malipo ya kazi tu ya kushusha ile giaboksi. Jumamosi tukashuka Tambach na kupanda mara mbili, mzee akiwa kando yangu ameshika hose.

Sasa maoni yangu, maana ndiyo yaliyonileta. Ni rahisi kuandika hapa kwamba mafundi wetu ni wavivu. Si kweli, na mzee aliniambia kitu ambacho bado kinaniuma. Alisema: "Mkubwa, mimi nikikuambia lipa elfu mbili nikupimie, utasema fundi mwizi, hata hajafungua boliti. Nikikuambia giaboksi ni mpya, utalipa na utanishukuru." Ni kweli tupu. Sisi wateja tunalipia kitu kinachoshikika. Saa ya kufikiri tunaitaka bure. Fundi akigundua ni filta, anapata faida ya filta. Akisema imekufa, anapata ya giaboksi. Tumeweka mshahara upande wa jibu baya, halafu tunashangaa kulipata kila siku. Katika kazi yangu nimeona hivyohivyo: mteja anagoma kulipia siku mbili za kutafuta kosa, lakini yuko tayari kulipia mfumo mzima uandikwe upya. Na mimi, Mungu anisamehe, nimewahi kukubali kuuandika.

Wala eks-Japani si dawa ya uhakika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, lakini giaboksi iliyolala kwenye rundo dukani humuulizi cheti cha kuzaliwa. Hujui iliendeshwa vipi, hujui oili yake, na aliyekuuzia hakuwahi kuipima presha. Ukiifunga bila kuosha kipoza oili na mabomba yake, uchafu wa ile iliyokufa unamwagika ndani ya mpya. Halafu baada ya miezi mitatu unaambiwa hii nayo imekufa.

Sisemi hakuna giaboksi inayokufa. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kama mkaa, sampu ikiwa na vumbi la chuma linalong'aa, klachi zimekwenda. Presha ikiwa chini tangu mwanzo, oili ya moto, filta mpya, D na R zote mbili, basi pampu au vali ya kudhibiti imelika, na hapo kushusha hakukwepeki. Lakini hata hapo utakuwa unashusha ukijua unatafuta nini, na pampu peke yake huweza kubadilishwa. Wapo pia wanaoniambia ni hewa nyepesi ya huku Eldoret, mita 2,100 na kitu juu ya bahari. Kwa giaboksi za zamani za Kimarekani zilizotegemea mvuto wa hewa wa injini, mwinuko ulikuwa na neno. Kwa yangu, hapana. Kinachoumiza magari ya huku ni kupanda kwa muda mrefu na joto linaloandamana nako.

Pendekezo langu ni dogo. Ukipeleka gari na likatamkwa limekufa, uliza: "Fundi, presha ni ngapi kwenye D, na kwenye R?" Kama hana geji, mwambie utamlipa saa yake ya kupima hata jibu likiwa filta, na umlipe kweli. Mimi nilimlipa mzee kwa saa zake kando na kazi ya sampu. Alizihesabu zile noti mara mbili, akidhani nimekosea.

Vile vipande vya silikoni viko kwenye chupa ya jemu mezani kwangu, kando ya kibodi. Geji iko kwa mzee, na alinipigia jana kuuliza kama kuna kitabu cha namba za Nissan.